Tulikuita, Hukusikia

Kikao cha familia kiliitishwa Muheza, Jumapili asubuhi, chini ya mwembe wa babu. Ajenda ilikuwa moja: mpaka wa shamba la michungwa upande wa mtoni, ambao jirani alisema tumeusogeza na sisi tukasema hatujaugusa. Karatasi ya kumaliza ubishi huo, mchoro wa mpaka wenye saini za wazee wa pande zote mbili, ililiwa na mchwa siku nyingi. Nakala iliyobaki ilikuwa picha niliyoihifadhi kwenye kompyuta yangu mpakato, na kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza chumbani kwangu Dar es Salaam, kilomita zipatazo 300 kutoka pale tulipotandika mikeka.

Sikuwa na wasiwasi. Mpwa wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta, alikuwa ameniwekea nyumbani kikompyuta kidogo, ukubwa wa pakiti ya karata, kisicholala usiku wala mchana. Kwenye simu yangu aliweka programu ya kuamshia. Nikiwa popote, nabonyeza kitufe. Simu inakipa habari kile kikompyuta, nacho kinapiga ukelele ndani ya waifai ya nyumba: fulani, amka. Nikabonyeza. Programu ikaandika kwamba wito umetumwa. Nikasubiri dakika moja, mbili, tano. Nikabonyeza tena. Baba mkubwa alikuwa akinitazama bila kusema neno, na yule mwenye shamba la jirani akaanza kuchorachora chini kwa fimbo yake. Ilipofika mara ya sita nilijua hakuna kuamka. Kikao kikaahirishwa kwa wiki 3.

Jioni tukiwa barazani, mpwa wangu aliichukua simu, akaitazama, akanirudishia. "Mjomba," akasema, "usiilaumu ile kompyuta. Haijakataa. Umeiita, haikusikia."

Neno hilo lilinichoma, maana nilikwisha kuambiwa hivyo zamani, kwa sauti nyingine.

Miaka kadhaa kabla ya siku ile, baba aliugua ghafla usiku wa manane nyumbani kwetu Tanga. Mama alinipigia simu mara 7. Mimi nilikuwa nimelala Dar es Salaam, simu nimeizima na kuitia kabatini, kwa sababu wiki ile watu walinichosha. Majirani ndio waliombeba baba, wakamtafutia gari, wakakesha naye wodini. Nilipoiwasha simu saa 12 asubuhi, ujumbe ulimiminika mmoja baada ya mwingine ukiniarifu kwamba nilitafutwa, nilitafutwa, nilitafutwa. Baba alipona; Mwenyezi Mungu alimjalia miaka mingine 2. Nilipofika hospitali, mama hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema, "Tulikuita, mwanangu. Hukusikia." Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo mpwa wangu aliposema vile barazani, nilitaka kujua jambo moja ambalo kwa miaka yote ile sikuthubutu kuliuliza: kilicholala husikiaje? Kuna usingizi gani unaosikia, na upi usiosikia? Tulirudi pamoja Dar es Salaam, tukakaa na ile kompyuta jioni tatu. Aliyonionyesha yalikuwa ya kompyuta, lakini mimi niliyasikiliza kama mtu anayesomewa kesi yake.

Alianza na namna za kupumzika. Kompyuta ina namna tatu, na kwa macho ya mtu zote zinafanana: kioo cheusi na kimya. Ya kwanza ni kulala. Kazi zimesimama, ila kumbukumbu inapewa umeme kidogo ili isisahau ulipoishia. Ya pili, inaandika kila kitu kwenye diski, kisha inajikatia umeme. Ya tatu ni kuzimwa. Kompyuta iliyounganishwa kwa waya huweza kuitwa hata ikiwa imezimwa, maana waya umechomekwa na kadi yake huachiwa umeme wa kusikilizia. Ya waifai haina waya. Kinachoiunganisha na nyumba ni makubaliano kati yake na ruta, na makubaliano hayo ni lazima yaendelee kulindwa hata gizani. Ukiizima kabisa, makubaliano yamevunjika, na hakuna ukelele utakaoifikia. Ndiyo maana kwa kawaida kompyuta ya waifai huamshwa ikiwa imelala, na ikizimwa haiamshiki.

Nikakumbuka kabati langu. Kwa miaka yote nilijitetea kwamba usiku ule nilikuwa nimelala, na kulala si kosa. Sasa niliona kwamba nilijizima.

Kisha tukafika kwenye wito. Wataalamu wanauita pakiti ya ajabu. Kampuni ya AMD, ikishirikiana na Hewlett-Packard, iliueleza kwa maandishi mwaka 1995, na mwaka 1997 muungano wa Intel na IBM ukautoa rasmi kwa matumizi ya maofisini: fundi mmoja aamshe mashine zote usiku, azifanyie marekebisho yake, asubuhi wenyewe wazikute tayari. Nilitarajia kitu kigumu. Mpwa wangu aliponionyesha kwenye kioo nilikielewa papo hapo, kwa sababu ni kitu ninachokijua tangu utoto.

Mwanzoni kuna baiti 6, kila moja ikiwa na thamani ya 255, yaani tarakimu 1 zimepangwa 48 mfululizo bila sifuri hata moja katikati. Hazibebi habari yoyote. Hiyo ni mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baada ya mbiu linafuata jina la anayeitwa, ile anwani ambayo kadi imepewa kiwandani, likirudiwa mara 16. Jina lina baiti 6. Mara 16 ni 96. Jumlisha na 6 za mbiu, wito mzima ni baiti 102. Ndani yake hamna amri, hamna maelezo, hamna sababu. Ni mbiu, kisha jina, jina, jina.

Kwa nini mara 16? Kwa sababu anayeitwa amelala. Ubongo mkubwa wa kompyuta umepumzika. Kilichobaki macho ni sakiti ndogo ndani ya kadi, isiyojua kusoma barua wala kufungua picha. Inachojua ni kuitambua mbiu na jina lake likirudiwa namna hiyo. Jina lako linaweza kutajwa mara moja katika mazungumzo yasiyokuhusu, lakini hakuna anayelitaja mara 16 mfululizo bila kukukusudia wewe.

Nilikulia Ngamiani, Tanga. Mwezi wa Ramadhani, kama saa 9 usiku, vijana walipita mitaani wakipiga ngoma na madebe kuwaamsha watu wale daku. Ngoma ile ilikuwa ya mtaa mzima, na wengi waliamka nayo. Baba hakuwa mmoja wao. Madebe yangeweza kugongwa chini ya dirisha lake asigeuke hata ubavu. Kwa hiyo jioni, kabla ya kulala, mama alimwambia bibi wa nyumba ya pili, "Bibi, utatugongea." Na bibi huyo, ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi, alikuja dirishani na kulitaja jina la baba taratibu, mara tatu, mara nne. Baba alikuwa akiinuka kabla bibi hajafika kwenye la tano. Ngoma iliita watu wote; jina lilimwita yeye.

Turudi kwenye makosa, maana tuliyapata matatu.

La kwanza lilikuwa la jina. Kompyuta yangu ina majina mawili: la tundu la waya na la kadi ya waifai. Nilipojaza programu ya kuamshia nilinakili lile la kwanza kwenye orodha, nalo lilikuwa la waya. Waya wenyewe sijawahi kuuchomeka. Kule Muheza ukelele wangu ulifika hadi chumbani, ukazunguka kuta zote nne, na hakuna aliyeguswa kwa sababu aliyeitwa hakuwamo. Nilinyamaza kidogo nilipoliona hilo. Nina mdogo wangu ambaye kwa miaka nilimpigia simu kila mwezi kumhimiza arudi chuo. Alipokea kila mara, akaitikia "Ndiyo, kaka," ikaishia hapo. Siku nilipomuuliza habari za gereji yake, tulizungumza saa nzima, na ndiye aliyenipigia wiki iliyofuata. Muda wote ule nilikuwa nikimwita mwanachuo, wakati aliyekuwa akiishi mle ndani ni fundi.

Kosa la pili lilikuwa la sikio. Tulisahihisha jina, na bado haikuamka. Mpwa wangu akafungua mipangilio ya kadi, akanionyesha kisanduku kisichotiwa alama: kadi haikuwa na ruhusa ya kuiamsha kompyuta, hivyo ilikatiwa umeme kila kompyuta ilipolala, ili kubana matumizi. Akakitia alama kisanduku hicho. Akachomeka na chaja, maana kompyuta nyingi zikitegemea betri huliziba sikio hili zenyewe. Akailaza. Taa ndogo ya ubavuni ikaanza kupepesa polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Mimi nikatoka hadi barazani, nikabonyeza. Kimya. Halafu feni ikavuma, na sauti ya mpwa wangu ikatoka dirishani, "Mjomba, imeamka!" Mtu mzima mimi, nilishikwa na furaha ya kitoto.

Sikio hilo hufanyaje kazi? Hapa ndipo nilipokaa zaidi, na ndipo nilipopata funzo kubwa kuliko yote. Ruta hutoa mlio wake karibu mara 10 kila sekunde. Katika mlio huo hutaja jina la mtandao, na hutangaza ni nani mwenye mzigo uliomfikia akiwa amesinzia. Kadi iliyolala haikodoi macho muda wote. Hufumbua kidogo kwa vipindi, husikiliza mlio, na kama hakuna kinachoihusu hurudi usingizini. Ruta nayo inajua nani kalala. Ukija ukelele wa watu wote hauachilii ovyo. Huushika hadi ufike ule mlio ambao wote waliolala wamekubaliana kuusikiliza, ndipo huutoa. Pande mbili zinachukuliana: mmoja anakubali kusubiri, mwingine anakubali kusikiliza kwa wakati.

Kuna na jambo jingine. Kila baada ya muda, kwa ajili ya usalama, ruta hubadilisha ufunguo wa siri ambao nyumba nzima huutumia kufungulia matangazo yake. Walio macho huupokea na kuendelea. Aliyelala naye lazima aupokee mumo humo usingizini, la sivyo matangazo yote yatakayofuata yatakuwa kwake kelele tupu. Atakuwapo nyumbani, jina lake litaitwa ipasavyo, na hataambulia kitu, kwa sababu funguo zilibadilika asiwe na habari.

Nilimwomba mpwa wangu alirudie hilo. Ukoo nao hubadilisha funguo. Mtoto kazaliwa, mzee kafariki, binamu kahama, wawili waliokosana wamepatana. Habari hizi huja kwa vitu vidogo: salamu za Idi, mchango wa harusi wa 10,000, simu ya dakika mbili ya kuuliza tu mvua zimenyesha vipi. Asiyezipokea haoni hasara siku ile. Huiona siku ya kuitwa. Ule usiku wa baba, jirani aliyembeba mgongoni hadi barabarani alikuwa amehamia mtaani kwetu miaka 3 nyuma. Nilipofika wodini alisimama, akanipa kiti chake, akaniita kwa jina langu. Mimi lake sikulijua. Baba yangu alibebwa na mtu ambaye mimi, mwanawe, ilibidi nimuulize mama pembeni kwamba ni nani.

Kosa la tatu lilijitokeza usiku. Tulilala tukidhani kazi imekwisha. Kama saa 7 nikasikia feni ikivuma chumbani, ikatulia. Baada ya nusu saa, ikavuma tena. Kompyuta ilikuwa ikiamka yenyewe na kulala, ikiamka na kulala, hadi alfajiri. Mpwa wangu akacheka, akanieleza kwamba tumelifungua sikio mno. Tuliiruhusu iamke kwa wito wa jina, na pia kwa kila swali dogo linalopita mtandaoni kuihusu, na katika nyumba yenye simu tano na runinga moja maswali hayaishi. Akatia alama kisanduku cha mwisho: iamke kwa pakiti ya ajabu tu. Usiku uliofuata ililala hadi tulipoiita.

Kosa hili lilikuwa langu kabla halijawa la kompyuta. Nilipoizima simu usiku ule nilikuwa na sababu. Iliniamsha kwa makundi, kwa matangazo ya bahati nasibu, kwa watu wa kazini waliokumbuka jambo saa 6 usiku. Nilidhani njia ni mbili, kukesha na watu wote au kujizima kwa watu wote, nikachagua kujizima. Njia ya tatu, ya kulala vizuri huku umeacha mlango mmoja kwa wachache wenye haki ya kukuamsha, sikuifikiria. Na kulala ni haki. Kompyuta isiyolazwa hula umeme bure, hupata joto, feni yake hujaa vumbi ikachakaa kabla ya wakati. Mtu naye ni vivyo hivyo. Wanaojisifu kwamba hawazimi simu wala hawalali, nimewaona mchana: wamo, na hawasikii.

Anayeita naye ana yake ya kujifunza. Ile pakiti haina majibu. Programu inapoandika kwamba wito umetumwa, inasema kweli, lakini kutumwa si kufika. Pale Muheza nilibonyeza mara sita kwa kuliamini neno hilo moja. Mpwa wangu alinizoesha kubonyeza mara moja, kusubiri dakika, kisha kuipigia kompyuta hodi kwa programu nyingine inayotuma swali dogo na kungoja jibu. Likija jibu, karibu. Lisipokuja, kaa utafute kosa liko wapi. Nimewahi kumtumia mfiwa ujumbe wa pole na kujihesabu kwamba nimefika msibani. Siku hizi napiga hodi.

Na kuamshwa si kufunguliwa. Yeyote aliyemo kwenye mtandao mmoja na kompyuta yangu, akilijua jina lake, anaweza kuiamsha. Wito wa kawaida haumwulizi mtumaji ni nani. Lakini ikiamka inasimama mlangoni na kudai neno la siri. Nimelipenda hilo. Kuna watu wanaogopa kuitika kwa kudhani kwamba kuitika ni kukubali kila ombi. Itika kwanza. Kutoa ni hatua nyingine, yenye ufunguo wake.

Niseme na neno juu ya kile kikompyuta kisicholala. Ukelele wa kuamshia una mipaka: ni wa ndani ya nyumba. Ukiurusha kutoka mbali kupitia intaneti, kwa kawaida huishia mlangoni, ruta haiupitishi. Aliye mbali anahitaji mtu aliye ndani, aliye macho, amwambie, "Mwamshie fulani." Mwaka 2009 Apple waliweka jambo la namna hii katika kompyuta zao: kifaa kimoja kinachobaki macho nyumbani hujibu kwa niaba ya waliolala, na akiulizwa mmoja wao, humwamsha. Nilipoelezwa hivyo nilimwona bibi wa nyumba ya pili amesimama dirishani. Hakuna umbali ambao simu imeuondoa kiasi cha kutomhitaji bibi huyo. Mimi niko Dar es Salaam na mama yuko Tanga. Kati yetu kuna mtu anayeweza kuufikia mlango wake kwa miguu. Mtu huyo anahitaji kutunzwa. Hata kile kikompyuta, umeme wa LUKU ukiisha kinazima pamoja na ruta, na mimi huko niliko nitabonyeza hadi kidole kiume. Sasa sisafiri kabla sijaangalia uniti zimebaki ngapi.

Wiki 3 zilipotimia tulirudi chini ya mwembe. Nilibonyeza mara moja, nikaiweka simu mkekani, nikanywa kahawa. Baada ya dakika moja nikapiga hodi, ikaitika. Nikaandika neno la siri, nikautafuta mchoro, nikaukuza mbele ya wazee. Ulionyesha mpaka ukipita kwenye shina la mkorosho uliokatwa, hatua 4 ndani ya sehemu tuliyopanda sisi. Hatukuusogeza kwa makusudi. Mkorosho ulipokatwa tulipoteza alama, na kila msimu jembe lilikwenda mbele kidogo. Baba mkubwa aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akamgeukia jirani, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Michungwa iliyokuwa ndani ya hatua zile 4 ikawa yake tangu siku hiyo. Nilikwenda kote kule kuamsha ushahidi wetu, na ulipoamka ulisema kweli isiyokuwa yetu. Nao nauhesabu katika manufaa ya kuamsha.

Baba hayupo tena. Mama yuko Tanga, na jirani aliyembeba baba sasa ninamjua yeye, mkewe na watoto wake watatu, na Idi haipiti bila salamu. Simu yangu hulala kando ya kitanda, kimya kwa dunia nzima isipokuwa namba 4: ya mama, ya dada yangu, ya jirani huyo, na ya mdogo wangu fundi. Mpangilio huo umo katika simu nyingi za kisasa. Nyingine huruhusu hata asiyekuwa kwenye orodha apite akipiga mara mbili mfululizo, kwa kuhesabu kwamba anayerudia ana jambo. Kuuweka hakuchukui dakika tano.

Nakuomba uuweke leo. Kabla hujalala, chagua wako wanne au watano, wafungulie. Kisha mpigie mtu anayekaa karibu na mzazi wako, umjulie hali, ulijue jina lake vizuri, na umwombe kama mama alivyomwomba bibi: utatugongea. Ukimaliza hayo, laza kichwa usingizi wako wote. Mama alinipigia tena mwezi uliopita, saa 8 usiku, mwiba wa samaki ulikuwa umemkwama kooni. Simu ililia mara mbili, nikapokea.